Acha Sigara Kabla ya Kupasuliwa

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanza na barua. Imetoka kwa mama mmoja wa familia, na ameomba jina lake lisitajwe. Anaandika hivi:

"Baba watoto ana umri wa miaka 54. Ana ngiri ya kitovuni ambayo kila mwaka inazidi kukua. Akiinua gunia inamwuma, hata kulima sasa ni shida. Tuliuza mbuzi watatu tukapata pesa za operesheni. Tulipofika hospitali daktari alimpima, kisha akamwuliza: 'Mzee, unavuta sigara ngapi kwa siku?' Akajibu: 'Kumi, siku nyingine kumi na tano.' Daktari akasema: 'Nenda nyumbani, uje baada ya wiki sita. Katika wiki hizo usivute hata moja.' Baba watoto alirudi amekasirika. Anasema ngiri iko tumboni na moshi unaingia kifuani, vinahusiana nini? Anadhani daktari anamwadhibu, au alitaka kitu kidogo. Mimi naogopa pesa zitaisha kabla ya siku kufika. Je, daktari ametuonea?"

Mama mpendwa, daktari hakuwaonea. Amempa mumeo dawa ya kwanza ya operesheni yake, nayo haiuzwi dukani. Lakini swali la mzee ni swali la haki, na linastahili jibu kamili. Ngiri iko tumboni, moshi uko kifuani: vinahusiana nini? Tujifunze pamoja, maana katika kila parokia wako watu wanaosubiri kupasuliwa: huyu ngiri, yule tezi dume, mwingine nyonga, mwingine uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Na wengi wao, au watu wanaokaa nao, wanavuta.

KWANZA: TAHADHARI

Kabla hatujaendelea, tuelewane jambo moja. Tunayosema hapa yanahusu operesheni inayoweza kusubiri. Ziko operesheni zisizosubiri hata saa chache. Mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua, mtu mwenye kidole tumbo kilichovimba, mtu aliyevunjika vibaya, hao hupelekwa hospitali mara moja, wawe wanavuta au hawavuti.

Hata ngiri yenyewe inaweza kugeuka kuwa hatari ya ghafla. Ikiwa uvimbe umekuwa mgumu, unauma sana, haurudi ndani mgonjwa akilala, naye anatapika au amefunga choo, basi utumbo umebanwa na unaweza kufa. Usihesabu wiki. Mpeleke hospitali usiku huohuo. Vilevile aliyeambiwa kuwa ana saratani asijiahirishie operesheni kwa sababu ya sigara. Aache kuvuta leo, na tarehe aipange daktari.

MOSHI HAUISHII KIFUANI

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Hatuna haja ya kuzitaja zote. Kwa mtu anayekwenda kupasuliwa, mbili zinatosha kutufundisha.

Ya kwanza ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii mnaifahamu, ingawa huenda jina ni geni. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Damu yetu ina chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Kaboni monoksaidi hushikamana na chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama basi ambalo viti vyake vimekaliwa na wahuni: abiria halali anabaki kituoni. Mvutaji anatembea na damu ambayo sehemu ya viti vyake imekwisha kukaliwa.

Ya pili ni nikotini. Hii ndiyo inayomfunga mtu asiweze kuacha. Hukaza mishipa midogo ya damu, huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha. Kwa hiyo damu yenye oksijeni pungufu inalazimishwa kupita katika mifereji iliyofinywa.

Basi, mzee, hili ndilo jibu la swali lako. Moshi unaingia kifuani, lakini hauishii hapo. Unaingia kwenye damu, na damu inafika kitovuni. Ile nyama ambayo daktari ataikata na kuishona inategemea damu hiyo ili ipone.

MAMBO MANNE YANAYOHARIBIKA

1. Usingizi wa operesheni. Mtu akipewa nusu kaputi, mtaalamu wa usingizi ndiye anayelinda pumzi yake. Njia za hewa za mvutaji huwa na hasira, kama jicho lililoingiwa na pilipili. Zikiguswa hukaza na kutoa makohozi mengi. Ndani ya njia hizo vimo vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu kwenda juu. Moshi huvilemaza. Makohozi hubaki chini, na baada ya operesheni huweza kuleta homa ya mapafu. Jambo hili si jipya. Mwaka 1944 daktari wa Uingereza aitwaye Morton aliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba wavutaji walipata matatizo ya mapafu baada ya operesheni mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta.

2. Moyo. Kupasuliwa ni mzigo kwa moyo. Moyo wa mvutaji unadaiwa kazi kubwa zaidi na nikotini, huku unapewa oksijeni kidogo kwa sababu ya ile hewa ya mkaa. Ni kumwongezea punda mzigo na kumpunguzia majani.

3. Kidonda. Hapa ndipo wavutaji wengi wanapoumia. Kidonda hupona kwa sababu damu inaleta oksijeni, chakula na askari wa mwili wanaopigana na vijidudu. Oksijeni ikipungua, askari huwa wadhaifu na nyuzi za asili zinazounganisha nyama hutengenezwa polepole. Kidonda huoza, hutoa usaha, au hufumuka. Mfupa uliovunjika nao huchelewa kuunga. Kwa mwenye ngiri liko jambo la ziada: ngiri iliyoshonwa inaweza kurudi. Wavutaji hurudiwa na ngiri zaidi kuliko wengine, kwa sababu nyama yao haishikani vizuri, na pia kwa sababu kikohozi cha kila asubuhi kinavuta mshono kama mtu anayejaribu kamba mpya.

4. Damu kuganda. Mgonjwa aliyelala kitandani bila kusogea anaweza kupata donge la damu kwenye mguu. Likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua ghafla. Sigara huifanya damu iwe nyepesi kuganda.

USHAHIDI UKO WAPI?

Mtu mwenye akili huuliza: haya yamethibitishwa, au ni maneno ya kututisha?

Mwaka 2002 madaktari wa Denmark walitoa matokeo ya utafiti wao katika jarida hilohilo la Lancet. Walichukua wavutaji 120 waliokuwa wanasubiri kuwekewa nyonga au goti la bandia. Waliwagawa kwa kura makundi mawili. Kundi la kwanza lilisaidiwa kuacha au kupunguza sigara kuanzia wiki sita hadi nane kabla ya operesheni: muuguzi alikutana nao kila wiki na walipewa dawa ya nikotini. Kundi la pili liliachwa kama kawaida. Baada ya operesheni, katika kundi lililosaidiwa, wagonjwa 18 katika kila 100 walipata matatizo. Katika kundi la pili walikuwa 52 katika kila 100. Tofauti kubwa zaidi ilionekana kwenye vidonda: 5 kwa 100 upande mmoja, 31 kwa 100 upande wa pili.

Mwezi wa Januari 2020 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa taarifa pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Australia na shirikisho la kimataifa la vyama vya wataalamu wa usingizi. Taarifa hiyo ilieleza kwamba anayeacha tumbaku wiki nne hivi kabla ya kupasuliwa hupunguza hatari, na hata miezi sita baadaye hali yake ni bora. Iliongeza kwamba kila wiki moja bila tumbaku, baada ya zile nne za kwanza, huboresha matokeo kwa asilimia 19.

Hebu fikiri, mama. Ungeambiwa kuna sindano inayoweza kupunguza hatari kiasi hicho, ungeuza mbuzi wa nne uinunue. Sindano hiyo hailipiwi. Tena inawarudishia pesa za sigara kumi hadi kumi na tano kila siku. Zihesabuni kwa siku 42, muone kama hazitoshi hata nauli ya kurudi hospitali na chakula cha mwenye kumwuguza. Operesheni iliyoahirishwa wiki sita inaudhi. Kidonda kilichooza kinakula pesa nyingi zaidi: dawa, vitanda, kufungwa bandeji kila siku, na pengine kupasuliwa mara ya pili.

MWILI UNAVYOJISAFISHA

Ukiacha leo, mwili hausubiri kesho.

- Katika dakika chache mapigo ya moyo yanaanza kushuka.
- Kwa muda wa siku moja au mbili ile kaboni monoksaidi hutoka, na chembe za damu hubeba oksijeni tena kama inavyopasa.
- Katika wiki za kwanza vinyweleo vya mapafu huanza kuamka na kufagia. Wakati huo mtu anaweza kukohoa na kutoa makohozi kuliko mwanzo. Asiogope wala asiseme "sigara ndiyo ilikuwa inanituliza kifua". Ni nyumba inayofagiliwa. Vumbi lazima litimke.
- Baada ya wiki nne nguvu ya mwili kupigana na vijidudu vya kidonda imeongezeka sana.
- Kuanzia wiki nne hadi nane mapafu yanakuwa tayari zaidi kwa usingizi wa operesheni.

Zamani baadhi ya madaktari waliogopa kwamba kuacha siku chache tu kabla ya operesheni kunaweza kudhuru mapafu. Tafiti za baadaye hazikuonyesha madhara hayo. Kwa hiyo, hata kama operesheni ni wiki ijayo, acha. Hata kama ni kesho, usivute leo usiku wala alfajiri. Wiki sita ni bora, nne ni nzuri, siku moja ni afadhali kuliko sifuri.

"MIMI NAVUTA CHACHE TU"

Wavutaji wana majibu mengi. Tuyachukue moja moja.

"Nitapunguza hadi tatu kwa siku." Kupunguza ni njia ya kufikia kuacha, lakini si mahali pa kukaa. Anayepunguza huvuta kwa nguvu zaidi ile moja aliyobakiza, na mishipa inaendelea kukazwa.

"Mimi navuta msokoto wa tumbaku ya shambani, haina kemikali za kiwandani." Moshi wa tumbaku ni moshi wa tumbaku. Kaboni monoksaidi hutoka kwenye kitu chochote kinachoungua. Kiko nacho ni hivyohivyo.

"Nanusa ugoro tu." Ugoro hauna moshi, kwa hiyo mapafu yanapata nafuu, lakini nikotini inaingia mwilini, na ugoro una sumu zake. Bibi anayesubiri kupasuliwa mtoto wa jicho au nyonga amweleze daktari kuhusu ugoro wake bila aibu.

"Vijana wanavuta shisha, moshi unapita kwenye maji." Maji hupoza moshi, hayauoshi. Tena makaa ya shisha huongeza kaboni monoksaidi nyingi.

"Mimi sivuti, ila mume wangu anavuta ndani." Hili ni zito hasa kwa watoto. Mtoto anayekaa kwenye moshi wa wakubwa hupata shida zaidi za kupumua anapopewa dawa ya usingizi. Kama mtoto wenu anakwenda kupasuliwa, baba aache kuvuta, au walau asivute ndani ya nyumba wala karibu na mtoto.

UPASUAJI WA KUPUNGUZA UNENE

Siku hizi tunasikia pia upasuaji unaofanywa kwa watu wenye unene uliokithiri, hasa wale ambao unene umewaletea kisukari, presha au maumivu ya magoti. Baadhi ya wasomaji wana ndugu mijini au ng'ambo wanaoufikiria. Kwa hawa suala la sigara ni kali zaidi, na inafaa tulieleze.

Ziko namna mbili zinazofanywa sana. Katika namna ya kwanza daktari huondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu asilimia 80, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika namna ya pili hutengeneza mfuko mdogo sehemu ya juu ya tumbo na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Zote mbili huacha mshono mrefu au kiungo kipya ndani ya tumbo, mahali ambapo jicho la muuguzi haliwezi kufika kuona kama pameanza kuoza.

Mvutaji anaweza kupata vidonda kwenye kile kiungo cha tumbo na utumbo. Huuma, huvuja damu, na vingine hutoboka, na mgonjwa akarudishwa haraka chumba cha upasuaji. Vidonda hivyo huweza kutokea hata miaka kadhaa baadaye kama mtu amerudia kuvuta. Kumbuka pia kwamba mtu mnene sana tayari ana hatari ya damu kuganda na ya shida ya pumzi wakati wa usingizi. Sigara huongeza mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2019 unasema mgonjwa wa upasuaji huu aache sigara ikiwezekana mwaka mzima kabla, na kwa uchache kabisa wiki sita, kisha asivute tena. Hospitali nyingine hupima damu au mkojo kutafuta alama za nikotini, na anayekutwa nazo huahirishiwa.

Hapa wengi hunaswa na hofu moja: "Nikiacha sigara nitanenepa zaidi, na mimi nataka kupungua!" Hofu hii ina ukweli kidogo. Nikotini hupunguza hamu ya kula, na mtu akiiacha chakula kinakuwa kitamu. Kwa wastani wanaoacha huongezeka kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza, ingawa wengine hawaongezeki na wengine hupungua. Kilo tano zinaweza kushughulikiwa: punguza sukari kwenye chai, acha soda, jaza sahani mboga za majani kabla ya ugali, tembea kwa miguu kila siku. Kiungo cha tumbo kilichotoboka hakishughulikiwi kwa kutembea.

JINSI YA KUACHA

1. Mwambie daktari ukweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Taja ni sigara ngapi, tangu lini, na kama kuna ugoro, bangi au pombe. Anayekunywa pombe kali kila siku asiiache ghafla peke yake bila kumwona daktari. Ukijikwaa ukavuta siku mbili kabla ya operesheni, sema. Daktari anayejua hujiandaa; aliyedanganywa hushtukizwa wakati wewe umelala.

2. Weka tarehe. Usiseme "nitaacha". Sema "naacha Jumatatu". Hesabu nyuma kutoka siku ya operesheni, ziwe wiki sita. Waambie watu wa nyumbani.

3. Safisha nyumba. Siku hiyo toa pakiti, kiko na kisahani cha majivu. Fua koti linalonuka moshi. Usiweke moja ya akiba juu ya kabati.

4. Zijue saa zako. Je, ni baada ya chai? Baada ya kula? Kilabuni? Ukisubiri basi? Kwa kila saa tafuta kitu kingine: mswaki wa mti wa kutafuna, karafuu mdomoni, glasi ya maji, jembe mkononi. Kiu ya sigara hupanda kama wimbi na kushuka baada ya dakika chache. Usipigane na siku nzima. Pigana na dakika tano.

5. Tarajia siku mbaya. Siku ya pili na ya tatu huwa ngumu kuliko zote. Kichwa kuuma, hasira, usingizi kukatika, mikono kutotulia: hizo ni dalili za nikotini inayotoka, na kwa watu wengi hupungua katika wiki mbili hadi nne. Kahawa na chai kali zipunguzwe, kwa sababu mwili wa aliyeacha sigara huchelewa kuondoa kahawa, na mapigo ya moyo huweza kwenda mbio.

6. Uliza kuhusu dawa. Zipo bandiko za nikotini za kubandika kwenye ngozi na jojo za nikotini za kutafuna. Vipo pia vidonge viwili viitwavyo vareniklini na bupropioni. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za nikotini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na vidonge hivyo viwili mwaka 2021. Hazipatikani kila mahali na zina gharama, na si kila mtu anafaa kuzitumia. Kwa mfano, mwenye kifafa asitumie bupropioni. Kwa hiyo zitolewe kwa ushauri wa daktari, hasa kwa wanaokwenda kupasuliwa tumbo.

7. Wenye dawa za kudumu wamwone daktari. Kuacha sigara hubadilisha jinsi mwili unavyotumia baadhi ya dawa, kama vidonge vya pumu vya theofilini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Mwenye kisukari naye apime sukari mara kwa mara zaidi. Hii si sababu ya kuendelea kuvuta. Ni sababu ya kupima na kurekebisha dozi.

8. Ukianguka, inuka. Sigara moja si mwisho wa safari. Itupe na uendelee kuhesabu. Watu wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

KAZI YA FAMILIA

Mama, usimgeuzie mumeo jambo hili kuwa vita. Anayeacha sigara anaumwa kwa siku kadhaa, na mgonjwa hutunzwa. Akifoka wiki ya kwanza, jua ni nikotini inayozungumza. Watoto wasimpeleleze wala kumcheka. Afadhali watengeneze kalenda ukutani, na kila jioni baba mwenyewe aweke alama kwenye siku aliyoshinda. Pesa za sigara ziwekwe kwenye kopo, zionekane zikiongezeka. Rafiki zake wanaovuta waombwe kwa heshima: "Ndugu zangu, kwa wiki hizi sita mje kumsalimu, lakini msije na sigara."

Na baada ya operesheni kazi haijaisha. Mgonjwa asaidiwe kuvuta pumzi ndefu mara nyingi kwa siku. Akitaka kukohoa ashike mto mdogo juu ya mshono ili usivutike. Muuguzi akimruhusu, aamke na kutembea mapema. Pasiwe na sigara ya "kupongeza operesheni", maana kidonda ndiyo kwanza kinaanza kuunga. Wengi waliopita wiki sita kabla na wiki kadhaa baada hujikuta wamefika mbali mno kurudi nyuma.

Mwambie basi baba watoto hivi: daktari hakumfungia mlango. Alimwonyesha kwamba operesheni yake imekwisha kuanza, na kwamba sehemu ya kwanza iko mikononi mwake mwenyewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Operesheni ya dharura haisubiri. Inayoweza kusubiri, acha sigara wiki nne hadi nane kabla. Ya kupunguza unene, si chini ya sita.
- Kuacha kwa kuchelewa ni bora kuliko kutoacha.
- Kupunguza hakutoshi. Ugoro, kiko na shisha vimo.
- Mwambie daktari na mtaalamu wa usingizi ukweli wote.
- Usirudie kuvuta baada ya kupasuliwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Katika familia zetu kuna anayesubiri operesheni? Je, anavuta, au anaishi na anayevuta?
2. Kwa nini wagonjwa huwaficha madaktari juu ya sigara na ugoro? Tufanye nini ili waseme bila kuaibika?
3. Mzee wa barua yetu anatumia sigara kumi hadi kumi na tano kwa siku. Hesabuni kwa bei ya kwenu: ni pesa ngapi kwa wiki sita, na zingefanya nini?
4. Jirani akituambia kwamba ameacha kuvuta tangu jana, sisi tumsaidie kwa jambo gani moja wiki hii?